Vikombe Vilivyotoka Safi

Wakubwa wa ofisi wamenipigia simu mara mbili wakitaka niwaandikie nyinyi mnaoanza, nyinyi wa kupima udongo kabla watu hawajajenga. Nadhani wanataka vichekesho. Wananikumbuka kama Mama Nekesa wa siafu. Vichekesho ninavyo na nitawapa, lakini mjue mapema kwamba ninaandika nikiwa na hofu. Kuna mtoto anayeitwa Nyambura, mjukuu wa mama mmoja anayeishi juu ya Karatina. Miaka yake mitatu ya kwanza duniani alilala katika chumba ambacho mimi nilisema hakina shida. Nilisema kwa maandishi, na sahihi yangu iko chini ya karatasi.

Mnajua kazi yenyewe, au mnadhani mnaijua. Gesi ya radoni inatoka kwenye mawe na udongo ulio chini yetu. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiwa nje, upepo unaichukua na hakuna neno. Shida inaanza mtu akijenga juu yake. Inapenya kwenye nyufa za sakafu, inajikusanya chumbani, na anayeivuta mwaka baada ya mwaka anaweza kupata saratani ya mapafu. Na haiko kila mahali. Shamba hili linaweza kuwa sawa, la jirani likawa baya, na mahindi ya mashamba yote mawili yakamea vizuri. Kwa hivyo hakuna njia ila kupima.

Aliyenifundisha ni Mzee Mutua, Mkamba mrefu aliyekuja Nyeri zamani akazoea baridi kuliko wenyeji. Mimi nilikuwa nimetoka Bungoma na sweta mbili. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kwa polisi mmoja mstaafu kule Kiganjo. Akachimba shimo, nami nikapiga magoti nikaweka pua.

"Unanusa nini?" akaniuliza.

"Hiyo gesi."

"Ingekuwa inanuka, mimi na wewe tungekuwa na kazi gani? Watu wangejinusia wenyewe."

Alinicheka wiki nzima, na akamwambia kila mtu ofisini. Lakini mimi nilirudi nyumbani na woga ambao haujanitoka mpaka leo. Nilikuwa nimezoea kuogopa vitu vyenye sauti: nyoka kwenye majani, lori kwenye mteremko, mlevi anayebisha mlango. Hiki hakikuwa na sauti wala mkia wa kushika.

Nyinyi leo mna mashine. Mnapigilia bomba ardhini, mnavuta hewa, jibu linatoka kabla chai haijapoa. Sisi tulitumia vikombe. Kikombe cha plastiki cha kawaida, na ndani kwenye kitako tunabandika kipande kidogo cha filamu. Gesi ikiingia inaacha alama kwenye filamu, alama ambazo macho hayaoni mpaka watu wa maabara Nairobi waichovye kwenye dawa na kuitazama kwa darubini. Shimo ni la urefu wa mkono mzima mpaka kwapani. Kikombe kinalala mdomo chini, kinafunikwa, udongo unarudishwa juu, na mnakiacha wiki tatu. Halafu unakifukua na kukikagua kabla hujakifunga. Hapo kwenye kukagua ndipo Mutua alikuwa mkali. Alisema, "Kikombe kikitoka safi, hicho hakikulala ardhini. Usikitilie sahihi." Alisema hivyo kila tulipofukua, mpaka nikawa namalizia maneno yake kwa kumkejeli.

Haya, siafu. Kule Kiriaini nilichimba kando ya majani chai. Mkono wangu ni mfupi, kwa hivyo nililala kifudifudi ili uingie wote. Siafu walikuwa wamenitangulia. Nilivua sweta, nikavua leso, nikavua na vingine, mbele ya wachuma chai waliosimama na vikapu mgongoni wakinitazama kwa heshima kubwa. Mama mmoja alikuja akanifunika na kanga yake, akasema pole, kisha akakaa chini akacheka mpaka akalia. Basi, piga ardhi na kiatu kwanza, na usubiri kidogo.

Kingine hakikuwa cha kuchekesha siku ile. Tulikuwa tunafukia vikombe kwenye ploti karibu na soko la Karatina, jirani akaja mbio na panga. Alidhani tunaweka alama ya mpaka. Nyinyi ni watu wa huku, mnajua mpaka wa shamba ni kitu gani. Mimi nilijificha nyuma ya mti wa makadamia, na sioni haya kusema. Mutua akampa yule mzee kikombe mkononi, akamwambia akigeuze, akitazame, akamweleza kila kitu tangu mwamba mpaka mapafu. Tulimaliza siku tukinywa uji kwake. Tukiwa njiani kurudi Mutua akaniambia, "Mtu akielezwa nusu, nusu ile ingine atajijazia mwenyewe." Tangu hapo tulikuwa tunapiga hodi pande zote na kueleza kazi yetu kwa maneno kamili kabla jembe halijagusa udongo.

Kwa maneno kamili. Nilijua hivyo, nimefundishwa hivyo, na siku ya Maina sikufanya hivyo.

Maina ni baba yake Nyambura, ingawa wakati huo Nyambura alikuwa hajazaliwa. Ni muuguzi. Alikuwa amefanya kazi ng'ambo, na huko aliona watu wakipimiwa nyumba zao gesi hii. Aliporudi kujenga kwenye shamba la mama yake, alisema hataweka hata jiwe moja kabla ya kupima. Wengi huwa tunawabembeleza. Huyu alikuja mwenyewe, akakaa kwenye benchi yetu akiwa na ramani kwa mkono. Nyumba ilikuwa ikatwe kwenye mteremko kama nyumba nyingi za huku, na chumba cha chini kiwe na ukuta mmoja uliozikwa ardhini. Akaweka kidole kwenye hicho chumba akasema, "Hapa watalala watoto, Mungu akitupatia."

Mutua alikuwa ameshafariki, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa kazi ya vikombe. Nikafukia sita. Maina alikuwa ameenda mjini siku hiyo, na aliyekuwa akinitazama ni mama yake, akiwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Kila mtu kijijini alimwita Cucu, yaani nyanya. Mawingu yalikuwa yameshuka na mtu wa pikipiki alikuwa ananipigia honi. Nikamwambia haraka haraka nikiwa nimeshapanda, "Cucu, nimekuachia vikombe vyangu sita hapo shambani. Nitavichukua baada ya wiki tatu."

"Sawa, mama," akasema. "Usijali."

Ni hayo tu. Sikumwambia ni vya nini. Sikumwambia visiguswe.

Niliporudi, vikombe vilikuwa pale pale, kila kimoja kwenye shimo lake, mdomo chini. Nikavuta cha kwanza. Kikombe kilicholala kwenye udongo mwekundu wa huku, na mvua ikinyesha, hutoka na jasho ndani, mizizi myembamba imekamata mdomo, na mara nyingine nyungunyungu. Hiki kilikuwa kinameremeta. Nikakileta puani, yale mazoea yangu ya kijinga ya Kiganjo, na nikasikia harufu ya sabuni ya kipande.

Nitawaambia nilichofikiria, bila kujitetea. Nilifikiri labda nilivishika siku ile na mikono yenye sabuni. Nilifikiri labda udongo wa hapa ni mkavu huko chini. Nilifikiri nikirudia ni wiki tatu nyingine, na mafundi wa Maina wameshachonga mawe. Nilimsikia Mutua wazi kabisa, na nikamjibu kimoyomoyo kwamba yeye ameshakufa, aniache nifanye kazi. Nikafunga filamu kwenye bahasha. Cucu akanipa kiondo kidogo chenye maparachichi sita, akasema nisiende mikono mitupu.

Maabara ikasema filamu karibu hazina alama. Shamba zuri. Nikatia sahihi, na Maina akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Miaka ikapita. Nyumba ikajengwa, Nyambura akazaliwa, na mimi nikabakisha miezi minne nistaafu. Asubuhi moja nilikuwa sokoni Karatina nikichagua viazi, nikashikwa bega. Alikuwa Cucu, na msichana mdogo amemshika sketi. Akakataa kabisa niende bila kuona nyumba. Tukapanda pamoja.

Nyambura ndiye aliyenitembeza. Alikuwa na miaka mitatu na maneno ya mtu wa miaka kumi. "Kuja uone kitanda yangu," akasema, akanivuta ngazi za kushuka mpaka chumba cha chini. Chumba kilikuwa kizuri, kimepakwa rangi ya samawati, na kilikuwa na joto ambalo nyumba za huku hazina. Nikainua macho nikaona kwa nini. Matundu ya hewa juu ya dirisha yalikuwa yamezibwa kwa magazeti, yamekunjwa na kushindiliwa vizuri. Sikupenda, na nilikuwa nimefungua mdomo kusema, lakini Cucu akatuita chai.

Nikakaa na Nyambura kwenye mapaja. Cucu akaweka vikombe mezani, akaanza kucheka peke yake.

"Mimi na wewe ni watu wa vikombe," akasema. "Unakumbuka zile zako sita? Siku ya pili mvua ilichapa hiyo shamba, maji ikaingia kwa mashimo. Nikasema, ai, huyu mama wa watu ameniachia vikombe yake, na zitaharibika nikiangalia? Nikazitoa zote nikaosha. Nikaweka kwa kabati."

"Kwa kabati," nikasema.

"Ile kakaratasi ndani sikutoa, nilijua ni yako. Halafu ile siku ya kuja kwako nikaamka mapema, nikarudisha kila moja kwa shimo yake. Mwenye kitu anaitafuta pahali aliiacha, si ni hivyo? Usikuje useme Cucu ni mwizi."

Nikauliza kuhusu maparachichi. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Kwani wewe unarudishianga mtu chombo yake bila kitu ndani? Vikombe ilikuwa ndogo, parachichi haingeingia. Kwa hivyo nilikuwekea kwa kiondo. Moja ya kila kikombe."

Filamu zangu zilikuwa zimepima kabati la Cucu. Kwa wiki tatu zilikaa hapo kati ya sahani na sukari, na nikapeleka jibu la kabati nikasema ni jibu la shamba. Nyambura alikuwa ananihesabia vidole, na kila akifika cha nne anaanza upya. Nilimshika mbavu bila kufikiri, nikahisi kifua chake kikipanda na kushuka, na nikaogopa kuondoa mkono.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Nilisema chai ni tamu. Nikaaga, nikaenda.

Siku tisa sikumwambia mtu. Hofu ina akili nyingi, vijana wangu. Iliniambia pengine shamba ni zuri tu. Iliniambia Mutua amekufa, filamu zilitupwa, Cucu haoni ubaya wowote, na wewe umebakisha miezi minne. Iliniambia utamvunja moyo mama wa watu bure. Nilikuwa nakula na nisikumbuke nimekula nini. Nikisikia mtoto akikohoa barabarani nilikuwa nasimama.

Asubuhi ya siku ya kumi ukungu ulikuwa umeshuka, ile baridi ya Julai inayoingia kwenye meno. Nikachukua gazeti kuukuu, nikapanda kwenye kiti, nikaanza kuziba matundu ya chumba changu kama kila mtu afanyavyo. Mkono ukasimama. Nikashuka, nikavaa viatu, nikaenda moja kwa moja mpaka hospitali anakofanya kazi Maina. Nikamwomba atoke nje.

Alinisikiliza akiwa amesimama. Nilimwambia vikombe havikukaa ardhini, na kwamba nilijua jambo haliko sawa tangu siku ile.

"Ni nani alivitoa?" akauliza.

"Nilinusa sabuni nikatia sahihi," nikasema. "Huyo ndiye unayemtafuta."

Alitazama viatu vyake. Halafu akasema polepole, "Mama Nekesa, mimi nilikuja kwenu kwa sababu niliogopa. Nyinyi ndio mliniambia nisiogope."



Siku hiyo hiyo tulibeba kitanda cha Nyambura mpaka juu. Maina alipanda kwenye kiti akaanza kung'oa magazeti, na Cucu akaja akipiga kelele kwamba mtoto ataingiwa na baridi kifuani. "Ni mimi niliweka," akasema. "Ni juu ya kifua yake." Maina aliendelea kung'oa bila kumtazama. Mimi nilikuwa nimeshika mfuko wa takataka, na nilitamani ardhi ile ile inimeze.

Nilimwambia mkubwa wangu ofisini, na ninamshukuru kwamba alikasirika kwa sauti ndogo. Tukarudisha vile vitu vya chumbani kama vilivyokuwa, magazeti na yote, tukafunga mlango, tukaacha vikombe humo miezi mitatu, ili tujue mtoto alikuwa anavuta nini. Sijui kama mmewahi kungoja kitu namna hiyo. Jumapili nilikuwa naenda kanisani, naomba chumba kiwe sawa, halafu nakumbuka kwamba chumba kilishakuwa kilivyo, maombi hayarudi nyuma.

Karatasi ikaja. Haikuwa sawa. Haikukaribia kuwa sawa.

Kurekebisha nyumba si kazi ngumu, na hilo mlishike vizuri maana watu watawauliza. Tulitoboa sakafu ya chumba cha chini, tukapitisha bomba kutoka chini ya simiti mpaka juu ya paa, na feni ndogo inayonyonya hewa ya ardhini na kuitupa nje. Tukaziba nyufa za sakafu na ukuta uliozikwa. Matundu ya hewa yakabaki wazi. Tulipima tena, nikafungua bahasha ya jibu, na gesi ilikuwa imeshuka mpaka pale inapotakiwa. Feni inasikika ukisimama karibu. Nyumba sasa haina neno.

Mtoto ndiye hatuwezi kumpima. Maina aliuliza madaktari anaofanya nao kazi, akauliza na wale wa ng'ambo. Wote walisema jambo moja: pengine hatapata shida yoyote maisha yake yote, na hakuna kipimo cha kumwambia leo. Yuko nasari sasa. Anakimbia kuliko wavulana. Maina akinipigia simu kunitakia heri ya Krismasi, ninakaa nikisubiri nisikie kama kuna mtu anakohoa nyuma yake.

Basi ninyi na mashine zenu, ninawaomba mawili tu, na si makubwa. Mwelezeni mwenye boma mpaka amalize maswali yake, hata mvua ikija, hata pikipiki ikipiga honi. Na kitu kikikaa vibaya machoni mwako, usitafute maneno ya kukipamba. Mashine haiwezi kunusa sabuni, wewe unaweza.

Cucu hakuwahi kuniuliza lolote. Mimi sikumwambia, na Maina anaapa hakumwambia, ila watu wakibeba vitanda na kutoboa sakafu, mama wa nyumba anaona. Wiki moja baada ya mimi kustaafu, Maina alisimama kwa mlango wangu na mfuko wa karatasi. Kikombe kimoja cha ile miezi mitatu kilikuwa kimesahaulika nyuma ya kabati la nguo katika chumba cha chini.

"Mama amesema nikuletee," akasema. "Amesema nikwambie hakuna mtu amekigusa."

Nikakitoa. Kilikuwa na vumbi, na utando wa buibui mdomoni. Nikatazama ndani ya mfuko, halafu nikaupindua juu ya meza. Hakukuwa na kitu kingine, hata parachichi moja.

Kiko hapa ninapoandika, mdomo chini. Sijakiosha.